Diski Pacha za Mzee Kimya

Mashine iliyogoma kuamka asubuhi ile ilikuwa imebeba kazi zote za maisha ya Mzee Kimya, lakini alipoiona skrini nyeusi yenye mistari michache ya maandishi meupe hakuwaza kazi. Aliwaza kitu kimoja tu. Ndani ya mashine ile, na si mahali pengine popote, ndimo ilimokuwa sauti ya mke wake.

Mke mwenyewe yupo. Wakati huohuo alikuwa upande wa pili wa ukuta akisugua sufuria kwa nguvu kama kawaida yake, mzima wa kutosha kugombana na mtu, ila ugomvi wenyewe siku hizi ni wa kuandika. Madaktari walimkuta na uvimbe kooni, na uvimbe ulikuwa umeota pabaya, wakasema hakuna namna ila kuondoa kila kitu kinachotoa sauti na kumwachia tundu dogo shingoni la kupumulia. Walimwokoa, nani atabisha? Lakini tangu siku ile hewa inaingia na kutoka shingoni, na mdomo umebaki wa kula na kukunjia tu. Ana kibao cheupe cha kufutika alichokining'iniza kwenye kamba, na anachotaka kusema anakiandika kwa mwandiko ule wa ubaoni, herufi kubwa zilizonyooka, maana alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza tangu akiwa msichana mpaka mwaka alipougua.

Watu wote walimwita Mwalimu, hata mumewe. Nusu ya mtaa ule ilijifunza kusoma kutoka kinywani mwake. Alikuwa na sauti ya kuvuka uwanja wa shule bila kupayuka, na mdomo usiojua breki. Nyumbani yeye alisema na mumewe akaitikia kwa kichwa, na ndoa ikaenda hivyo miaka na miaka ikanoga, kila mmoja akiona amepata wa kumfaa.

Mume naye jina la Kimya hakulipata kwa bahati. Alikuwa fundi wa sauti. Alikuwa na chumba kidogo kilichoshikana na nyumba yake, kuta zimevikwa magodoro na mlango umevikwa zulia, katikati kioo kikubwa: upande mmoja maikrofoni na kiti, upande wa pili yeye na mitambo yake. Kwaya zilirekodi pale, wenye maduka walirekodi matangazo pale, na shule ya wasioona ilimletea vitabu vya kusomwa kwa sauti. Na kila aliyeingia, awe nani, alikutana na neno lilelile: "Kimya, jamani." Saa ya ukutani aliitoa betri. Feni ilizimwa hata jua liwe la kukaanga. Mzee mmoja wa kwaya aliambiwa avue viatu kwa sababu soli zake zilikuwa zinalia, akarekodi sauti nzito kabisa ya wimbo akiwa na soksi zilizotoboka. Watu walicheka, lakini kazi za Kimya zilipotoka zilikuwa safi kama maji ya kunywa, nao wakarudi.

Mwalimu alipopewa tarehe ya kukatwa koo, binti yao alikuwa na mimba changa, anaishi mji mwingine kwa mume wake. Hapo ndipo Mwalimu alipolia, si kwa ajili ya kisu. "Nimefundisha watoto wa watu wote kusoma," alimwambia mumewe. "Wa kwangu mwenyewe nitamfundishaje? Kwa ishara?" Basi wakakubaliana. Kabla ya kwenda hospitali angekaa mbele ya maikrofoni arekodi masomo yote ya mwanzo kama alivyoyafundisha darasani, irabu kwa irabu, silabi kwa silabi, na nyimbo zake za kukumbukia, na hadithi za katikati mtoto asichoke. Mjukuu akifika umri wa kusoma, bibi angemfundisha. Walifanya hivyo siku kadhaa mfululizo, mpaka sauti ilipokwaruza ikashindikana. Kisha wakaenda hospitali.

Mtu mwingine angetoa nakala siku ileile akamtumia binti. Kimya hakutoa. Binti aliomba akiwa na mimba, akaomba tena mtoto alipozaliwa, na jibu la baba yake lilikuwa moja: "Bado, mwanangu. Sijaisafisha." Maana kila rekodi ina vikohozi vyake, ina mate, ina kiti kinacholia, na yeye asingempa mjukuu wake kitu kichafu. Kwa hiyo kila alipopata nafasi alikaa, akasafisha kidogo, akasikiliza, akaona bado, akaacha. Mimi sitamtetea. Ila nadhani pia alipenda kukaa mle peke yake na sauti ile, na kazi ingeisha asingekuwa na kisingizio.

Juzi yake binti alipiga simu kwamba anakuja Jumamosi na mtoto, anakuja kukaa, na safari hii haondoki bila masomo ya bibi yake, yawe safi yasiwe safi. Ndiyo sababu Kimya aliwasha mashine mapema asubuhi ile. Na ndiyo sababu, mashine ilipomwambia kwamba imeshindwa kuunganisha diski zake, alikaa kwenye kiti akashika tama.

Hata hivyo hakuogopa mara moja. Mashine ile ilikuwa na diski pacha. Ni mpango rahisi: unaweka diski mbili ndani ya mashine moja, na kila unachokiandika kwenye hii kinaandikwa papo hapo kwenye ile. Moja ikifa, mwenzake ana kila kitu, wewe unanunua nyingine unaendelea na maisha yako. Aliuweka mpango huo baada ya kupoteza kazi nzima ya kwaya moja, mpaka kiongozi wa kwaya akaja kukaa kizingitini akalia kama mfiwa. Tangu alipoweka pacha wale, Kimya alilala usingizi wa pono. Akajiambia kwamba imekufa moja tu, na akampigia simu fundi wa kompyuta.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, miwani yake imeungwa kwa gundi upande mmoja, na anaongea na mashine kuliko anavyoongea na watu. Alikuja na mkoba wake na kompyuta yake ya mkononi.

"Shikamoo, mzee. Mgonjwa yuko wapi?"

"Marahaba. Huyo hapo."

Aliisoma skrini akiwa amesimama, akaguna, akazima, akafungua mfuniko. Akatoa diski ya juu, akaifuta vumbi kwa upande wa kanga yake, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Kimya alisimama nyuma yake mikono mgongoni kama mtu aliyeleta mtoto kwa daktari.

"Hii nzima kabisa," fundi alisema.

"Alhamdulillahi."

"Usishukuru kwanza. Nzima, ila ina ya zamani tu." Alimgeuzia kompyuta aone. "Diski hizi kila moja inaweka hesabu yake ya ilivyoandikwa, na hesabu zinatakiwa ziende pamoja. Ya huyu ilisimama. Ndiyo maana mashine imekataa kuwaunganisha, haijui imwamini nani. Hawa walishaachana, mzee, tena kitambo. Wewe tu ndiye hukuambiwa."

Alisema kwa utani, naye Kimya kwa kawaida alipenda utani wake. "Ilisimama lini?" aliuliza.

Fundi akamtajia tarehe. Kimya hakuhitaji kutazama kalenda. Ilikuwa siku ya kwanza aliyomkalisha Mwalimu kwenye kiti cha kurekodia.

"Kwa hiyo tangu siku hiyo," fundi aliendelea, sasa kwa sauti ya chini kidogo maana alishaiona sura ya mzee, "umekuwa ukiandika kwenye diski moja, hii ya chini. Na hii ya chini ndiyo haijibu. Kuna nini humo, mzee? Kazi ya mteja?"

"Ya Mwalimu," alisema Kimya.

Fundi alikuwa mmoja wa waliofundishwa na Mwalimu kusoma. Akachukua tochi ya simu akamulika ndani ya mashine. "Kitu nisichoelewa ni kengele," alisema. "Mashine hii diski moja ikitoka tu inalia, tena inalia mpaka majirani wakuchukie. Haikulia?"

Mwanga wa tochi ukafika kwenye waya mmoja.

"Huu hapa waya wake. Umening'inia. Nani kauchomoa?"

"Mimi."

Alisema neno hilo moja, na mengine yakabaki kifuani. Siku ile ya kwanza, walipokuwa wanajiandaa kuanza, mashine ilianza kulia: ti, ti, ti. Mlio mdogo, mkali, wa kuudhi. Ulikuwa unaingia kwenye maikrofoni. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini inalia. Lakini yeye maisha yake yote alikuwa amefanya kazi moja, kunyamazisha vitu, na mke wake alikuwa amekaa kwenye kiti na sauti ya kuhesabika, na kwa fundi wa sauti kitu kinacholia ni adui hata kikilia kwa faida yake. Akapiga magoti, akaingiza mkono, akachomoa waya. Alikusudia kuurudisha jioni. Jioni Mwalimu alikuwa amechoka, mumewe akampikia uji, akasahau. Kesho yake vivyo hivyo. Na hospitali ilipoanza nani angekumbuka waya?

Fundi akarudi kazini. Alibadilisha kebo ya diski ya chini, akabadilisha ya umeme, akaijaribu kwenye tundu hili na tundu lile. Haikujibu. Akaitoa, akaichomeka peke yake kwenye kompyuta yake, akaishika mkononi kama anavyoshikwa kifaranga ili aisikie ikizunguka. Ilizunguka. Ikasita. Ikazunguka tena.

"Imeamka," alinong'ona, kana kwamba nayo ingesikia ikabadili mawazo. "Sikiliza, mzee. Sitaki kuirudisha na mwenzake, maana itasomwa yote mpaka mwisho, itafia njiani. Tunachukua kimoja kimoja. Unataka nini kwanza?"

"Folda ya Mwalimu."

"Na za wateja?"

"Achana nazo."

Folda ilifunguka. Majina ya mafaili yakatokea, aliyoyaandika yeye mwenyewe: Somo la irabu, Somo la ba na ma, Nyimbo, Hadithi ya sungura aliyekataa shule. Hiyo ya mwisho Mwalimu aliitunga palepale akiwa ameketi, akicheka katikati, naye Kimya alimkunjia uso kupitia kioo kwa sababu kicheko kilizidi kipimo. Yote yalikuwapo. Kimya akashika ukingo wa meza.

Fundi akabonyeza kunakili. Wakatazama mstari wa kijani ukitambaa. Ulitambaa taratibu mno, fundi akasogeza miwani.

"Mzee, mbona faili moja ni kubwa hivi? Kitabu kizima cha wasioona hakifiki nusu ya hili."

"Nilirekodi kwa ubora wa juu kabisa."

"Sawa, lakini hata hivyo."

"Maikrofoni mbili. Na sikusimamisha. Nilibonyeza anapokaa, nikazima anaponyanyuka, asije akachoka kwa kurudia. Nilitaka iwe safi."

Fundi alitikisa kichwa polepole, hakulaumu. Lakini wote wawili walielewa. Laiti angerekodi kama wanavyorekodi watu, vipande vidogovidogo vya kawaida, mpaka muda ule vingekuwa vimeshavuka vitano sita. Faili la kwanza lilikuwa halijafika hata robo.

Ndipo diski ilipoanza kugonga. Tak. Tak. Kisha ikatoa mlio mwembamba ambao fundi hakuusikia vizuri, lakini Kimya aliusikia, maana masikio ndiyo aliyokuwa akila kwayo. Kulikuwa na kitu kinakwaruza kitu kingine mle ndani, mfululizo, kama ukucha juu ya bati.

"Izime!" alisema. "Inajikwangua. Izime!"

Fundi akazima. Waliiacha ipoe, wakaipepea, wakairudisha. Ikajitambulisha kidogo, ikakwaruza, ikatoweka. Wakaisubiri tena. Mara ya mwisho kompyuta haikuiona kabisa, kana kwamba hakuna kilichochomekwa. Fundi alimpigia mtu ambaye kazi yake ni kufungua diski zilizoharibika, mwenye chumba chake maalumu kisicho na vumbi, na mtu huyo akaomba asikilizishwe inavyolia. Basi Kimya akasogeza maikrofoni yake bora, ileile aliyotumia Mwalimu, akairekodi diski ikifa, akampelekea. Jibu lilirudi baada ya muda, la kiungwana na la kusikitisha. Kwa mlio ule, yule mtu alisema, uso wa diski umeshachubuka, na kilichochubuka ndicho kilichokuwa kimeandikwa. Anaweza kuifungua wakitaka, lakini hataki kuwapa matumaini ya uongo.

Kimya akaomba aifungue hivyohivyo. Diski ikapelekwa, na kabla ya Jumamosi ikarudi kama alivyosema.

Basi kilichobaki ni kile kipande cha mwanzo wa faili la kwanza kilichowahi kuvuka. Siku aliyoirudisha diski, fundi alimwachia kipande hicho kwenye kompyuta ya akiba, akafunga mkoba wake. Mlangoni aligeuka. "Mwalimu anajua?"

"Bado."

"Mwambie mwenyewe, mzee. Asije akasikia kwa mtu." Akaondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Kimya alivaa spika za masikioni, akabonyeza.

Kila fundi wa sauti ana desturi moja ambayo wateja huiona kama uchawi. Kabla mtu hajasema lolote, anamkalisha kwenye kiti na kumwambia akae kimya, naye anakirekodi chumba. Hakuna chumba kisicho na sauti yake. Kuna mvumo wa kuta, wa umeme, wa hewa, na mtu akikaa ndani unabadilika kidogo. Ukiwa na kipande cha kimya hicho unaweza kukitumia baadaye kuondoa uchafu kwenye maneno. Wengine hurekodi kidogo tu na kuendelea. Kimya, kwa sifa zake, alitaka kipande kirefu, na kisiwe na doa.

Kwa hiyo kilichokuwa masikioni mwake kilikuwa chumba. Mwalimu hasemi, kwa sababu ameambiwa asiseme. Gari likapita mbali, na sauti yake yeye mwenyewe Kimya ikasikika: "Turudie." Chumba kikatulia tena. Mbwa. "Turudie." Ukimya. Kisha ti, ti, ti, kengele ya mashine, na yeye akisonya, na kishindo cha magoti sakafuni, na mkwaruzo wa mfuniko, na kengele ikakatika katikati ya mlio. "Haya. Turudie." Na katika vituo vyote hivyo, ukisikiliza kwa makini, kulikuwa na mwanamke anavuta pumzi kwa pua, taratibu, anaingiza na kutoa, kama watu wote wanavyopumua, kama asivyopumua tena.

Halafu, karibu na mwisho, mwanamke huyo akasema neno moja. Alilisema kwa ile sauti iliyovuka viwanja, akiwa ameipunguza kwa ajili ya maikrofoni, na ndani yake kulikuwa na kicheko cha mtu aliyeanza kuchoshwa.

"Nianze?"

"Bado," sauti ya Kimya ikajibu.

Kikafuata kimya. Kisha faili likakatika.

Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Hapakuwa na la zaidi. Aliinama juu ya meza, akalia, na kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile hakujali kama anasikika.

Binti alifika Jumamosi kama alivyoahidi, mtoto begani. Kimya alingoja mpaka wamekula, kisha akawaambia, mke na binti pamoja, sebuleni, akiwa amesimama. Hakuficha. Alisema kuhusu diski iliyoachwa nyuma na kuhusu waya, akasema ni yeye aliyeuchomoa, akasema kwa nini mafaili yalikuwa makubwa. Nadhani hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja tangu azaliwe.

"Baba," binti alisema, na machozi yakamtoka hapohapo. "Baba, si nilikuomba? Si nilikwambia nitumie hivyohivyo? Nani alitaka isafishwe?"

"Ulisema, mwanangu."

"Ningeweka hata kwenye simu!"

"Ulisema."

Mtoto alikuwa mapajani mwa Mwalimu anavutavuta kamba ya kibao. Aliitoa kamba mkononi mwa mtoto, polepole, kidole kimoja kimoja, akamkabidhi kwa mama yake. Kisha akashika kalamu. Mimi ningekuwa yeye ningeurusha ule ubao. Yeye aliandika kwa mwandiko uleule ulionyooka: *Hakuna hata kidogo?*

Kimya akamwambia kipo kidogo, ila hakina kitu.

Mwalimu akaandika: *Nataka.*

Akampeleka chumbani. Akamkalisha, si upande wa kiti cha kurekodia bali kwenye kiti chake yeye, mbele ya mitambo, akamvika spika za masikioni, akazirekebisha zisiguse kitambaa alichofunikia tundu la shingoni. Akabonyeza. Yeye akavuta kigoda akakaa karibu naye, magoti yao yakigusana. Hakuhitaji spika ili ajue wamefika wapi, alishaimeza rekodi ile yote. Kwa uso wa mkewe alijua sasa gari linapita. Sasa mbwa. Sasa kengele. Hapo Mwalimu alimtazama, na Kimya hakuinamisha macho.

Kisha akamwona amekaza uso, ameinua kidogo kidevu, mkono umekwenda kwenye tundu la shingo na kukaa juu yake. Alikuwa anajisikiliza akipumua kwa pua. Kifua chake kilianza kufuata, kikipanda na kushuka pamoja na kile cha masikioni, na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta.

Uso ukafunguka ghafla, nyusi zikapanda, na Kimya akajua neno limefika.

"Anza," alisema. Alilisema kwa nguvu, mbele ya uso wake, akiwa amemshika mikono yote miwili. "Anza, mke wangu. Anza tu."

Lakini Mwalimu alikuwa na spika masikioni, na aliyekuwa anamsikia ni yule mwingine, wa kwenye rekodi. Nyusi zikashuka. Alikaa akisikiliza kimya kilichobaki mpaka kilipokatika, kisha akainua kidole, akamwonyesha arudishe mwanzo.